Filta za gari: nibadilishe mwenyewe au niwaachie gereji? (Mtwara mjini)

Mtoto_wa_Shangani: Wakuu habari za jioni. Jumamosi napeleka gari sevisi maana Jumapili tunaenda Newala kwenye arobaini ya bibi. Oili sina neno, ila eya klina (filta ya hewa ya injini) na filta ya AC gereji wanataka 70,000 zote mbili pamoja na ufundi. Dukani nauziwa zote 38,000, na YouTube nimeona mtu anabadilisha bila hata spana. Sasa hiyo 32,000 nailipia nini? Kuna jamaa mwingine kaniambia nisinunue chochote, nikapulize upepo kwa wa matairi buku mbili. Nifanye lipi?

Fundi_Ligula: Gari gani? Unauliza bei ya shati hujasema saizi.

Korosho_Ghafi: Na hiyo iliyopo imetembea kilomita ngapi? Weka picha.

Mtoto_wa_Shangani: Samahani wakuu, ni IST. Kilomita sijui, niliinunua mkononi kwa mtu.

Fundi_Ligula: IST ipi, ile ya zamani au iliyoanza 2007? Hazifanani. Toa ya zamani nenda nayo dukani mkononi, linganisha ukingo wa raba, usinunue kwa maneno ya muuzaji.

MamaSalha: Mdogo wangu hiyo hela usitoe. Mimi na kucha zangu nabadilisha mwenyewe toka nina Raum. Boneti, lile boksi jeusi, klipu mbili, unainua, unafuta vumbi la ndani na kitambaa kibichi kidogo, unaweka mpya. Ya AC iko nyuma ya droo ya dashibodi upande wa abiria, unabana droo mbavu zote mbili inashuka. Angalia tu mshale wa upepo usiigeuze. Mwanangu wa darasa la sita anaweza.

Noah_Mikindani: Dada MamaSalha usimponze mtu. Mwaka juzi msimu wa korosho nikajifanya fundi hivyohivyo, eya klina nimenunua mwenyewe, nimeweka mwenyewe hapo nje kwangu, klipu ya nyuma ikawa ngumu nikaibana nusu nikasema si imeshika. Nikaenda Tandahimba na kurudi kama mara nne, na vile vinjia vya magengeni mnavijua, lori la korosho liko mbele yako unawasha taa saa nane mchana. Wiki ya pili gari haipandi mlima, ukisimama inatetemeka inataka kuzima, taa ya injini hiyo ikawaka. Fundi kufungua: filta jipyaa! Ila bomba la nyuma yake ukipitisha kidole kinatoka chekundu kama umeshika tofali. Vumbi lilikua linapita pembeni, kwenye karatasi haliendi kabisa. Sensa ya hewa ikasafishwa haikupona, nikatafuta ya mtumba, na baadae injini ikaanza kula oili. Nilikwepa elfu kumi ya ufundi nikalipa laki tatu na ushee.

MamaSalha: Sasa hapo kosa la filta au la klipu?

Noah_Mikindani: Kosa langu, ndo nnachosema.

Fundi_Ligula: Na huo upepo wa buku mbili achana nao. Jamaa anakandamiza mdomo wa bomba kwenye karatasi inatoboka vitundu huvioni. Ukilazimika, pulizia kwa mbali kutoka upande msafi kwenda mchafu. Kuosha ndo usijaribu, karatasi ikilowa imekufa. Na zile za kuosha na kupaka oili ukizidisha oili inaenda kuganda kwenye sensa.

Korosho_Ghafi: Mi naona aweke mpya tu, og. Filta chafu inakunywa mafuta balaa, hela inarudi.

Ticha_wa_Lindi: Hiyo ilikua enzi za kabureta mkuu. Gari la injekta linapima hewa iliyoingia, ikipungua kompyuta nayo inapunguza mafuta. Maabara ya Oak Ridge kule Marekani walipima 2009, wakaziba filta makusudi, ulaji wa mafuta karibu haukubadilika. Kilichopungua ni mchomoko.

Korosho_Ghafi: Hao Oak Ridge waje wapimie nyuma ya lori la korosho ndo tuongee.

Ticha_wa_Lindi: Sijasema aache kubadilisha, vumbi linakula injini. Nimesema asitegemee kuokoa mafuta.

Mama_Pweza: Jamani naomba kuuliza hapohapo, nabeba pweza kutoka Msangamkuu, nikiwasha AC ni harufu tupu, wateja wa tekisi wanafungua vioo. Filta itaondoa?

Fundi_Ligula: Filta badilisha, ila pweza apande buti mama.

Mama_Pweza: Buti limejaa barafu.

Noah_Mikindani: 😂😂 tekisi au friji?

Mtoto_wa_Shangani: Wakuu nimeshusha hiyo droo sasa hivi kama alivyosema dada. Ya AC HAKUNA. Kitundu kipo kitupu, nimekuta jani la mwembe na risiti ya mafuta. Na mwezi wa pili gereji ileile walinilipisha kuibadilisha.

MamaSalha: Eeeh! Kesho nenda na hilo jani.

Korosho_Ghafi: Picha bado hujaweka.

Ticha_wa_Lindi: Huyo Jumapili anapitia Tandahimba au Masasi?