Pupa wa kipepeo ana siku 24 hajafunguka. Baridi ya huku Uyole, Mbeya, imemuua?

Mama_Uyole:
Ndugu zangu, habari za jioni. Naomba msaada wa mwenye uzoefu, maana kwangu hili limekuwa jambo zito.

Nyuma ya nyumba nina mlimao mmoja. Mwezi wa tano binti yangu wa miaka 7 alinifuata mbio akasema kuna kinyesi cha ndege kinatembea kwenye majani. Kwenda kuangalia, ni viwavi, weusi wenye baka jeupe mgongoni. Nilitaka kuwakanyaga kwa kuwa mlimao wenyewe bado mchanga, akanishika mkono. Tukachukua watatu, tukawaweka kwenye ndoo yenye vitawi vya mlimao, juu nikafunga kipande cha chandarua.

Mmoja alipanda kwenye chandarua usiku, asubuhi tukamkuta amejikunja chini, amekufa. Binti alilia mpaka akakataa uji. Waliobaki walikula kweli, wakageuka kijani, na ukiwagusa wanatoa pembe mbili za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Halafu wakajifunga kwenye kijiti kwa uzi kama mtu aliyefunga mkanda, wakawa pupa, yaani wamejifungia ndani ya ganda kusubiri kuwa vipepeo. Mmoja wa kijani, mwingine wa kahawia.

Leo ni siku ya 24. Binti anachora mstari ukutani kila asubuhi. Mama mkwe ananiambia nitupe, wameshaoza. Nafikiria kuwasogeza karibu na jiko la mkaa wapate joto. Shule zinafunguliwa wiki ijayo, sijui nimwambie nini mtoto.

Mwalimu_Ilula:
Kamwene mama. Kwanza kabisa, toa hicho chandarua leo hii. Vingi vya majumbani vina dawa ya kuua mbu, na dawa hiyo haichagui mdudu. Ndiyo ninayoishuku kwa yule wa kwanza. Kipepeo akitoka lazima apande mahali ajining'inize, na atashika hapo hapo. Funga pazia jepesi la neti au shela kuukuu iliyofuliwa.

Hao ni vipepeo wa michungwa. Wanakula majani ya jamii ya mlimao, mndimu, mchungwa, mchenza. Ukiwapa kabichi watakufa njaa. Na usichume majani karibu na shamba la viazi lililopigwa dawa, maana upepo huipeleka mbali.

Siku 24 kwenye baridi hazinitishi. Kwenye joto pupa huchukua wiki mbili hivi, lakini mdudu hana joto lake mwenyewe, hivyo hewa ikipoa na kazi ya ndani inapungua kasi. Darasani kwangu aliwahi kufika wiki ya sita. Rangi mbili zisikusumbue, huwa wanafuata mazingira waliyojifungia.

Mwangalie bila kumbandua. Aliye hai ni mzito kidogo na mara nyingine hutikisa tumbo ukimgusa taratibu. Aliyekufa huwa mwepesi kama ganda la karanga. Ukiona kitundu kidogo cha duara ubavuni, hapo wametoka nyigu wadogo: mama yao alitaga ndani, wanawe wakamla mwenyeji. Mwambie binti ukweli huo. Watoto wanaupokea kuliko tunavyodhani.

Babu_Tukuyu:
Ugonile mwanangu. Jikoni usimpeleke. Wajukuu zangu walimweka karibu na moto, akatoka saa nne usiku mvua inanyesha, mabawa yakakauka yamejikunja. Hakuruka kamwe. Mwache mahali pakavu pasipo na jua kali, avumilie baridi kama sisi.

Mwalimu_Ilula:
Babu shikamoo, umesema kweli. Naongeza: siku ya kutoka, ganda litakuwa kama kioo na utaona madoa ya mabawa ndani. Akitoka, atadondosha maji ya rangi. Siyo damu, mwambie binti asiogope. Msimguse kwa muda wa saa mbili hivi, mabawa yanajaa na kukauka. Mwachieni jua likiwa limeshika, siyo alfajiri.

Mto_wa_Amani:
Dada, usione aibu kuhangaikia wadudu. Huku Amani, Usambara Mashariki, wanakijiji waliwafuga kwa kuuza pupa nje ya nchi, mpaka Serikali iliposimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016. Pupa ni mali.

Mama_Uyole:
Mwalimu, Babu, shikamooni. Ndaga fijo, asanteni sana.

Chandarua nilikitoa usiku ule ule. Wa kahawia tulimkuta na kitundu ubavuni, mwepesi. Nilimweleza binti kama mwalimu alivyosema. Akanyamaza, kisha akauliza, "Na hao nyigu wana mama yao?" Tukamzika chini ya mlimao, yeye ndiye aliyetaka.

Wa kijani mistari ilifika 31. Jumamosi ganda likawa jeusi, madoa ya njano yanaonekana. Saa nne asubuhi binti akapiga kelele, nikaacha maharage motoni. Alikuwa ananing'inia kwenye shela, mabawa yamekunjamana kama kitambaa kibichi, yakinyooka polepole. Meusi yenye madoa ya njano, na chini duara jekundu lenye buluu. Mama mkwe alivuta kigoda akakaa naye mpaka saa sita.

Jua liliposhika juu ya uwanja tukafungua. Alizunguka mlimao mara mbili, akavuka ukuta kuelekea kwenye viazi vya jirani. Binti ameshaenda kukagua majani, amepata mayai mawili.