Dagaa wa mchanga kwa uji wa mtoto wa miezi 8, niendelee au niache?

Mama Naima, Ujiji

Habari za jioni jamani, naombeni msaada kwa wanaojua mambo ya lishe na wale mnaoanika dagaa wenyewe. Mwanangu ana miezi 8, kliniki wameniambia uzito umesimama, mwezi wa pili sasa hajaongeza, nesi akasema nimwekee dagaa wa kusaga kwenye uji kila siku. Nikaona hilo dogo, mtu wa Ujiji nitakosaje dagaa, nikaenda soko la Mwanga nikachukua wale wa bei ya chini, wa mchanga yani walioanikwa chini, maana wa chanja, wanaoanikwa juu ya fito na neti, bei ilikuwa juu, nikachambua nikasaga kwenye blenda ya jirani.

Sasa jana nikatia kijiko cha ule unga kwenye glasi ya maji, nikakoroga nikaacha itulie. Mwingine ukaelea, mwingine ukaning'inia katikati, na chini kabisa ukatulia mstari wa mchanga, nikauchota kwa kidole unakwaruza. Na mtoto nimeshamlisha siku nne. Roho imeniuma sana. Mama mkwe anasema jua la Kigoma linaua kila kitu nisiwe na wasiwasi, dada yangu anasema nikate vichwa na matumbo uchafu ndo unakaa huko. Nimsikilize nani?

Lishe_Kasulu

Pole Mama Naima, na hongera kwa hiyo glasi, wengi hawapimi. Kwanza nesi yuko sahihi kabisa. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wao wa 2023 wanasema mtoto wa miezi 6 hadi 23 ale kila siku kitu cha mnyama, iwe nyama, samaki au yai, na kwa hapa kwetu kitu cha mnyama ambacho mtu wa kawaida anakimudu ni dagaa. Uji wa mahindi peke yake una kitu kinaitwa fitati, kinashikilia madini ya chuma na zinki mtoto asiyapate, ukiweka samaki kwenye sufuria hiyo hiyo mwili unachukua chuma nyingi zaidi hata ile iliyomo kwenye mahindi yenyewe.

Kuhusu vichwa, hapo nampinga dada yako kidogo. Kuna mtafiti anaitwa Shakuntala Thilsted, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2021 kwa kazi yake ya samaki wadogo, sehemu kubwa aliifanya Bangladesh. Wana kasamaki kao kanaitwa mola, walipokapima wakakuta vitamini A imejaa kwenye macho na matumbo, yani pale pale watu wanapokata na kutupa. Na kalsiamu iko kwenye mifupa, walijaribu kule Denmaki kwa watu wazima wakakuta kalsiamu ya samaki mdogo anayeliwa na mifupa yake inafyonzwa karibu sawa na ya maziwa. Kwa hiyo dagaa anasagwa mzima. Ila awe msafi, na hapo ndo penye shida yako.

Bi Asha wa Katonga

Mwanangu Mama Naima mimi naanika dagaa Katonga mwaka wa 14 huu, ntakwambia ukweli. Mitumbwi inaingia alfajiri usiku wa giza, mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawafuati taa, kwa hiyo siku za giza mzigo unashuka mwingi kwa mpigo na mwenye chanja ndogo hana pa kuweka, anamwaga chini. Chanja ni hela mwanangu, fito, misumari, neti na zinaoza kila mwaka. Mchanga ni wa bure. Ndo maana wa chanja wako juu, siyo tamaa.

Lakini angalia kwa macho yako. Dagaa wa chanja anakauka juu na chini upepo unampita, anabaki ananyooka na anang'aa kama fedha, ukimvunja anatoa mlio. Wa mchanga anajikunja, anapauka, na ukimfungua tumboni unakuta punje zimegandamana na ngozi kwa sababu alilala pale akiwa mbichi. Zile ulizoona kwenye glasi ndo hizo. Afu kule chini wanapita kuku, mbwa, watoto, mvua ikinyesha ghafla maji yanatoka juu huko na kila kitu yanakuja kutulia kwenye dagaa. Mimi wa mchanga simpi mjukuu.

Huo mzigo ulionao usitupe, watu wazima mtakula. Pepeta kwenye ungo, osha maji matatu, ukiinua dagaa mkononi usimwage beseni lote pamoja maana mchanga uko chini utawarudia. Utaona maji ya kwanza yalivyo.

Muuza dagaa Ipuli

Mimi nipo Tabora napokea mzigo wa Kigoma, naongezea kitu ambacho hamjakigusa. Mwaka juzi nilinunua gunia kwa mtu mmoja kule, kufungua nyumbani linanuka dawa ya wadudu, ile ya kupuliza ndani. Nilimpigia akakiri kwamba alipulizia ili funza wasiingie njiani kipindi cha mvua. Nilichimba shimo nikafukia gunia zima, hasara yangu, maana dawa ile haitoki kwa kuosha ukawa na uhakika na mimi siwezi kumuuzia mama wa mtu. Kwa hiyo kabla hujaangalia mchanga, chota viganja viwili uweke puani. Harufu ya samaki unaijua, ukisikia nyingine yoyote acha.

La pili dagaa wana mafuta na mafuta yanachacha. Wakikaa juani sokoni wiki na wiki wanageuka njano halafu kahawia na wanakuacha na uchungu kooni. Saga kidogo kidogo, wa wiki moja tu, weka kwenye chombo chenye mfuniko gizani. Kuhusu vijidudu mimi mke wangu anawakaanga kwenye kikaango kikavu mpaka wanukie ndo anasaga, inatosha.

Lishe_Kasulu

Ndugu yangu wa Ipuli ya dawa na kuchacha umesema vizuri mno, ila hiyo ya kikaango naomba niiseme kwa msisitizo kwa sababu hata mimi niliamini hivyo zamani. Kuna bakteria anaitwa salmonela, anatoka kwenye kinyesi cha kuku na wanyama wengine na watu. Kukauka hakumuui, anaweza kukaa hai kwenye chakula kikavu miezi, na ajabu yake ni kwamba akiwa kwenye kitu kikavu anastahimili joto kuliko akiwa kwenye maji. Marekani mwaka 2008 na 2009 siagi ya karanga yenye salmonela iliwafanya watu 714 waugue, 9 wakafa, na karanga zile zilipita kwenye oveni. Kwa hiyo Mama Naima jua la mama mkwe linakausha tu, haliui.

Fanya hivi. Kaanga kavu sawa, inaleta harufu nzuri na inarahisisha kusaga, lakini unga wa dagaa uingie kwenye uji ukiwa bado unatokota, uchemke pamoja dakika kadhaa. Wengi wanaiva uji, wanaepua, ndo wananyunyiza unga juu kama sukari. Hapo umempa mtoto unga mbichi.

Na tafadhali usiwapeleke dagaa mashineni wakachanganywa na mahindi, soya na karanga kuwa unga mmoja wa mwezi mzima. Karanga na mahindi yaliyolala na unyevu ndo makazi ya sumukuvu, mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu 20 walikufa kwa mahindi ya namna hiyo, na ukishasaga vyote pamoja huwezi tena kuona punje ipi ilikuwa na ukungu. Kila kitu kwenye kopo lake.

Bi Asha wa Katonga

Na mawese mwanangu, mbona hakuna aliyeyataja? Sisi tulilelewa kwa uji wenye tone la mawese mekundu.

Lishe_Kasulu

Bi Asha umenikumbusha la maana, shikamoo mama. Ile vitamini A niliyosema iko machoni mwa mola, jua linaiharibu karibu yote wakati wa kuanika, kwa hiyo dagaa mkavu atakupa chuma, kalsiamu, zinki na protini ila kwa vitamini A usimtegemee. Mawese mekundu yanaziba pengo hilo, yana karotini kama miligramu 500 hadi 700 kwa kilo na mwili unaigeuza kuwa vitamini A. Nusu kijiko cha chai mwishoni kinatosha. Lakini yawe mekundu, yale yanayochemshwa mpaka yapauke karotini imeungua.

Mama Naima, Ujiji

Shikamoo Bi Asha, na ahsanteni wote. Nimewaosha leo maji matatu, ya kwanza yalitoka kama chai ya maziwa na chini ya beseni nimekuta mchanga unaojaa kiganja. Hao tutakula sisi. Kesho asubuhi nakuja Katonga kununua kopo mbili za chanja, Bi Asha ukiniona nimebeba mtoto mwenye kofia ya njano ndo mimi. Swali la mwisho, unga kiasi gani kwa bakuli?

Lishe_Kasulu

Anza kijiko kimoja cha chai kwa bakuli, angalia siku tatu kama hatoki vipele au kuharisha, kisha panda taratibu hadi viwili. Na mrudishe kliniki usisubiri mwezi uishe, uzito kusimama miezi miwili waangalie pia kama kuna malaria au minyoo au maambukizi mengine, dagaa peke yake haiwezi kujibu hilo. Waambie na siku nne zile za mchanga, hasa kama tumbo lilimsumbua.

Mama Naima, Ujiji

Halijamsumbua, alhamdulillah. Jumatatu nampeleka.