Nimeenda kununua injini nimerudi nimeitwa mfuga kuku!!!

Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo, leo sina nguvu za salamu nyingi. Mnamjua. Yule mzee muuza injini. Kila mwenye Delica ya Mitsubishi au Super Custom ya Toyota nchi hii ashapita mikononi mwake, yule mwenye koti la buluu lililoshiba oili mpaka ukilivua linasimama lenyewe. Sitaji jina, mtalitaja wenyewe moyoni.

Nimetoka Mbale saa kumi alfajiri, nimevuka daraja la Jinja kwa sala tu, maana ka-Delica kangu ni L300 ya zamani ile 4WD yenye injini ya dizeli ya 4D56 ya tabo, na hedi imeshaachia, ukichomoa dipstiki oili ni chai ya maziwa, bado sukari. Nimesimama kuongeza maji mara mia tatu, ng'ombe wa njiani wananionea huruma. Nafika kwake Kampala, napaki, nashuka na adabu zangu. Mzee anatoka. Anaizunguka gari mara moja, anapiga mlango kwa kidole kimoja, ko ko ko, kama anabisha hodi ukweni. Halafu ananiuliza mbele ya vijana wake sita: "Kijana, umekuja na gari ama umetuletea banda la kuku?"

BANDA LA KUKU! Gari iliyobeba maharusi! Gari inayopanda Bududa kwenye matope wakati pikapu zenu mpya zimelala mtaroni! Palikuwa na jamaa wa rolex pembeni, zile chapati za mayai, alikuwa anapasua yai, akasimama na yai mkononi acheke kwanza. Banange, nimechekwa na mtu ameshika yai.

Mi nilitaka ushauri tu. Nirudishie 4D56 nyingine, ama nipandishe 4M40 ya 2.8 ile ya Delica mpya zaidi, L400, au niwasikilize wanaosema weka 3L ya Toyota HiAce yaishe. Swali la mtu mzima. Nikamwambia mzee, nataka 4WD yangu ibaki vile ilivyo. Akawageukia vijana: "Ati kuku wanataka 4WD." Ko ko ko tena! Sasa akanionyesha injini ati hii 4D56 safi kabisa, imeshuka kutoka Japani, nikafuta grisi kwa leso yangu mwenyewe nikasoma namba: D4BF. Hiyo ni ya Hyundai jamani, Wakorea waliiunda kwa leseni ya Mitsubishi. Nikasema mzee hii si ya Japani. Anajibu nini? "Banda la kuku halichagui."

Nimeondoka. Sijanunua. Nimelala kwa shemeji. Usiku kucha nasikia ko ko ko.

Dizeli_Chafu: Pole sana ndugu. Ila hujatuambia, kuku wangapi?

Nyabo_Steringi: Shukuru wewe umepewa kuku, kuku ana bei. Mi nilimpelekea Super Custom yangu, injini ya 1KZ, hedi imepasuka, akaniambia niikate niiuze kwa kilo. Akaitisha mzani!! Mimi mama wa watoto wanne nimesimamishiwa mzani.

FundiBubu: Ngoja kwanza. Umeendesha 4D56 yenye maji kwenye oili kutoka Mbale mpaka Kampala? Hilo si banda la kuku, hilo ni jeneza. Bearingi zako zimeshakuwa uji. Halafu umeikataa D4BF kwa kiburi cha bure, ni ile ile 4D56 kwa damu, unahamisha vifaa vyako vya nje tu, maisha yanaendelea. Cha maana badilisha mikanda yote miwili kabla hujaiingiza, watu wanabadilisha ule mkubwa wanauacha ule mdogo wa balansi, siku ukikatika unajisokota ndani ya ule wa taiming na valvu zinasalimiana na pistoni. 4M40 ni ya cheni, sawa, lakini ni zito lile dude na giabox yako hailikubali. Na L300 injini iko chini ya viti vya mbele, utaiweka wapi, mapajani?

Mtoto_wa_Elgon (mwenye uzi): Nani ameomba ushauri hapa??? Nasema NIMETUKANWA. Mbele ya mtu wa rolex!

FundiBubu: Umeandika mwenyewe "nilitaka ushauri tu". Soma juu huko.

ToyotaDamu: Ukinunua Mitsubishi umejitukana mwenyewe, mzee kamalizia tu. Weka 3L, haina tabo, haina presha.

Kamunye_Mzee: 3L na watu tisa unapanda nayo Kapchorwa? Abiria watafika kabla yako, kwa miguu, na mizigo yao kichwani.

ToyotaDamu: Polepole ndio mwendo ssebo. Angalau nafika.

Dizeli_Chafu: Mi niulize kuhusu huyo wa rolex. Alikuwa anapasua yai moja ama mawili? Maana siku hizi hawa watu wanatuibia, unalipia mawili unapewa moja limetandazwa kama rangi ya ukuta.

Nyabo_Steringi: Na nyanya kipande kimoja! Cha kukisia!

Mtoto_wa_Elgon (mwenye uzi): Jamani tumuongelee yule mzee

Shamba_Wakiso: Msiwalaumu wa rolex, mayai hayashikiki kwa sababu chakula cha kuku hakishikiki. Mi nimeuza kuku wangu wote wa mayai, nafuga broila tu sasa.

Kamunye_Mzee: Broila unawaweka wapi?

Shamba_Wakiso: Msicheke. Kwenye HiAce bovu. Nimetoa viti vyote nikamwaga maranda chini, taa moja ya joto usiku.

Dizeli_Chafu: 😂😂😂 Mzee alikuwa sahihi!!

Nyabo_Steringi: Sasa Delica ile yenye vioo vya paani si ndio ingekuwa bora, mwanga bure?

Shamba_Wakiso: Bora mara mia, ila mchana uvifunike, watapikika. Mlango wa pembeni uache wazi kidogo uweke wavu.

ToyotaDamu: Maranda ya mti gani?

Shamba_Wakiso: Wowote, mradi makavu. Yakilowa tu kuku wanaanza kukohoa.