Waliopunguza mafuta na chumvi jikoni, tupeane uzoefu

Mama Shani: Habari za jioni wapendwa. Baba mkwe yuko kwangu, presha imekutwa juu, daktari kasema chumvi na mafuta vipungue. Nikampikia mchicha bila kuunga, akasukuma sahani: "Mwanangu, hospitali nimeshatoka." Sitaki kubandika sufuria mbili, nataka anachokula yeye tule nyumba nzima. Mliopitia hili mlifanyaje?

Kibaniko: Kijiko kimoja cha mafuta kinatosha. Tia kitunguu, funika, moto mdogo, kilainike kwa maji yake. Weka nyanya uziache mpaka ule uchachu uishe, hapo ndipo wengi wanakosa subira. Mchicha uingie mwisho, geuza, epua ungali kijani. Wanaochemsha kwanza, wakamwaga maji, ndiyo waunge, vitamini C nyingi imeenda na maji yale. Chumvi kidogo wakati wa kuepua, kamulia limao.

Dullah wa Tanga: Samaki chukuchuku. Nimemaliza.

Mama Shani: Kwa maji matupu kaka?

Dullah wa Tanga: Changu mbichi, maji kidogo, ndimu, tangawizi, kitunguu thomu, pilipili mbuzi nzima usiipasue. Mafuta hata tone. Ila samaki awe wa leo, chukuchuku haifichi kitu.

Nesi Mstaafu: Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko cha chai. Hapo hesabu na ya mkate, ya ng'onda na ya vile vidonge vya mchuzi. Kichupa cha chumvi kitoke mezani. Na magadi kwenye maharage muache, ni sodiamu ileile iliyo kwenye chumvi, tena yanaharibu vitamini B1.

Fundi Mbagala: Shikamoo mama, lakini hapo sikubali. Maharage bila magadi yanamaliza mtungi. Gesi utaninunulia?

Nesi Mstaafu: Marahaba. Loweka usiku kucha, mwaga maji hayo, pika na mapya.

Fundi Mbagala: Maharage yaliyokaa stoo hata uyaloweke wiki hayaivi! Mama yangu katumia magadi maisha yake yote.

Zuhura B: Na presha hana?

Fundi Mbagala: Mama yangu muache.

Mwanahawa: Nyie mnagombea magadi, mimi nimekumbuka mafuta ya kukaangia. Nyumba tuliyopanga zamani kulikuwa na dada anakaanga chipsi kila jioni, mafuta yaleyale hadi meusi, harufu unaipata getini. Mafuta yakirudiwa hivyo yanatoa moshi mapema na kushika moto kirahisi. Siku hiyo kaingia chumbani kupokea simu, kutoka akakuta karai linawaka. Akachota ndoo ya maji akamwaga. Jamani! Maji yanazama chini ya mafuta, yanageuka mvuke ghafla, mafuta yenye moto yanarushwa kila upande. Moto ukagonga dari, pazia likashika, dada anapiga kelele huku kajishika mkono. Mzee wa chumba cha mwisho ndiye aliyetuokoa: kafunga gesi kwenye mtungi, kachukua sinia kubwa, kalifunika karai, ukazimika palepale. Dada yule vidole viwili havikunji mpaka leo. Kwangu mfuniko wa karai haukai mbali na jiko.

Zuhura B: Uwiii, mwili umenisisimka. Pole yake.

Mkulima Hai: Angemwagia unga wa ngano.

Kibaniko: Unga unawaka! Usimfundishe mtu hivyo.

Zuhura B: Alipakwa nini? Kwetu ni dawa ya meno.

Nesi Mstaafu: Msipake dawa ya meno, wala yai. Maji safi ya baridi yatiririke juu ya jeraha dakika 20, halafu hospitali.

Mkulima Hai: Asali je?

Nesi Mstaafu: Maji, mwanangu.

Mama Shani: Jamani, mzee wangu leo anakula nini?

Kibaniko: Viazi vitamu vya kuchemsha na maganda yake, na mchicha wangu.

Dullah wa Tanga: Nimeshajibu mimi.

Mama Shani: Basi changu nimempata. Ndimu niweke mwanzo au nikishaepua?

Dullah wa Tanga: Mwanzo, inakata shombo.

Zuhura B: Ukishaepua dada, ukiipika sana inaleta uchungu.