Jumuiya ya Mt. Yosefu: zamu za kwa Bibi

Mwenyekiti: Tumsifu Yesu Kristo. Bibi ametoka hospitali, kiharusi kimemlegeza upande wa kulia. Jumamosi baada ya sala twende wote tukamwone.

Mama Neema: Milele amina. Mwenyekiti, tukijaa wote chumbani tutamchosha, na mkwewe atabaki na vyombo vya kuosha. Yakobo 2:16, ile ya kumwambia mtu "nenda kwa amani" bila kumpa anachohitaji, inatuhusu kabisa hapa. Anayehitaji msaada sasa hivi ni huyo mkwe, halali usiku. Tupange zamu.

Baba Kelvin: Naunga mkono. Sisi wanaume tufanye nini?

Agnes nesi: Kumgeuza, shemeji. Kila baada ya saa 2, usiku na mchana: ubavu huu, chali, ubavu ule. Muwe wawili, mmnyanyue kwa shuka iliyokunjwa chini yake. Msimburute, ngozi inachunika. Na ule mkono uliolegea msiuvute kamwe, bega linateguka.

Mama Neema: Akiwa na alama mgongoni tumsugue mafuta?

Agnes nesi: Hapana, dada. Pale damu imeshabanwa, ukisugua unaumiza nyama ya chini. Kwa ngozi zetu wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo papasa: pakiwa na joto, pagumu au peusi kuliko jirani yake, hapo kidonda kinaanza. Asilalie upande huo, mnipigie. Angalieni juu ya makalio, nyonga na visigino. Mto uwekwe chini ya mashavu ya miguu ili visigino vining'inie, mwingine katikati ya magoti. Pempasi ikilowa ibadilishwe papo hapo.

Mama John: Mimi nitaleta uji na supu.

Agnes nesi: Asante mama, ila uji uwe mzito kidogo. Chepesi kama maji na supu ndiyo humpalia mgonjwa wa kiharusi. Akae wima, kidevu kiiname kidogo, kijiko kidogo, ameze kwanza ndipo umwongeze. Akikohoa au sauti ikiwa kama ina maji, acha. Asilazwe mpaka nusu saa ipite. Na dawa za presha haziachwi hata kipimo kikiwa kizuri. Kimekuwa kizuri kwa sababu anazimeza.

Katekista: Padre atampelekea Mpako wa Wagonjwa na Komunyo. Nitamweleza habari ya kumeza, ampe kipande kidogo sana cha hostia.

Agnes nesi: Vizuri sana. Na mkiongea, ongeeni na Bibi mwenyewe. Maneno hayatoki ila huenda anaelewa yote. Muulizeni maswali ya kujibu kwa kichwa.

Mwenyekiti: Basi ziara ya Jumamosi waende wanne tu. Zamu ya usiku ni saa 3 hadi saa 11 alfajiri, wawili wawili, mkwe alale chumba kingine. Andikeni majina.

Baba Kelvin: Jumatatu na Alhamisi, mimi na Baba John.

Mama Neema: Jumanne mimi. Natafuta mwenzangu mwenye nguvu za kunyanyua.