Tupeane uzoefu: tamathali iliyowaamsha wasikilizaji wako, au iliyokuangusha

Wapendwa, wiki ijayo nitawasilisha ripoti ya mwaka ya chama chetu cha akiba hapa Nakuru, na takwimu zake zinanisinzisha hata mimi niliyeziandika. Naomba aliyewahi kutumia tashbihi, istiari au methali mbele ya hadhira atueleze yaliyomkuta.

Mwanadunga, Kisumu: Nilipozungumza na wavuvi kuhusu mikopo ya riba kubwa, nililiita deni magugumaji: asubuhi ni majani machache yanayoelea, lakini upepo ukigeuka, jioni boti haina pa kutokea. Walinyamaza kabisa, kwa kuwa hakukuwa na hata mmoja ambaye magugu hayajawahi kumfungia njia. Kosa langu ni kwamba nilinogewa. Punde deni likawa moto, kisha nyoka, hadi mzee mmoja akaniuliza kwa upole, "Sasa mwanangu, tuling'oe, tulizime au tulipige kichwa?" Nilicheka pamoja nao, ila uzi wa hoja ulikuwa umekatika.

Mama Ghala, Njoro: Kwa misimu miwili niliwatajia wakulima kwamba mahindi ya kuhifadhi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5, wakaandika daftarini, kisha wakaenda kufunga magunia yakiwa mabichi vilevile. Msimu wa tatu niliwaambia kwamba mahindi hupumua, na yakifungiwa kabla ya kukauka hutoka jasho kama abiria waliojazana ndani ya matatu mvua ikinyesha na madirisha yamefungwa. Siku hiyo maswali hayakuisha. (Kusema kweli, ile si tashihisi tupu, yaani kukipa kitu sifa za binadamu: punje hupumua hasa, zikatoa joto na maji, na hapo ndipo kuvu wenye sumu hustawi.) Ile asilimia niliitaja baada ya mfano huo wa matatu.

Mwana wa Kakamega: Methali nazo huchakaa. Ukianza "Haba na haba", watu huimalizia kwa sauti moja huku mawazo yao yakiwa kwingine. Mimi niliuliza ni nani amewahi kukiona hicho kibaba. Kimya. Mama mmoja wa sokoni akasema, "Sisi tunajua gorogoro," yaani lile kopo la kupimia nafaka sokoni. Basi michango yote ya mwaka nikaihesabu kwa gorogoro za mahindi, na hakuna aliyetazama saa.

Mwenye mada: Asanteni sana. Hotuba yangu ilikuwa na istiari tano, ikiwemo ya meli, ilhali wanachama wetu wengi ni wakulima wa viazi. Nimezifuta zote, leo jioni naanza upya na gunia.