Doro wat ya Krismasi ya Ethiopia: mchuzi haushiki

Jikoni_Tu: Wakuu, najiandaa kupika doro wat (mchuzi wa kuku) ya Genna, yaani Krismasi ya Ethiopia, tarehe 7 Januari. Natumia kuku 1, vitunguu kilo 1, berbere (mchanganyiko wa pilipili na viungo) vijiko 4. Mchuzi unatoka mwepesi, vitunguu vinaelea. Tatizo nini?

Sufuria_Nzito: Mkuu, bila shaka unatanguliza mafuta. Hapo vitunguu vinakaangika badala ya kuyeyuka. Vikate vidogo kabisa, vipike vikavu kwa moto mdogo, dakika 45 hadi saa nzima, huku unageuza; vikishika chini, nyunyiza maji kidogo. Na kilo 1 haitoshi, weka moja na nusu. Ndipo utie samli ya viungo na berbere, dakika 20 tena, la sivyo pilipili inabaki mbichi na kukwaruza koo.

Bi_Mwiko: Kuku mtoe ngozi, umkate vipande 12, umwoshe kwa limau na chumvi. Mayai ya kuchemsha yachanje juujuu, uyatie mwishoni.

Sufuria_Nzito: Ukialika Waorthodoksi, usiwapakulie mkesha. Wako kwenye mfungo wa siku 43, hawagusi nyama, maziwa wala mayai. Hufungua baada ya ibada ya usiku.

Jikoni_Tu: Shukrani, kumbe ni mafuta!